Fimbo Aliyoiacha Fundi wa Mohoro

Nitakueleza kama ilivyokuwa, bila kuongeza chumvi. Najua utakachofikiri. Wapo walioniambia nilikuwa nimelewa, na mimi pombe sijaionja tangu nipate kipaimara kwetu Njombe. Wapo waliosema ni malaria iliyonipanda kichwani. Haya, tuseme ni malaria. Malaria ya kichwani mwangu ingewauaje watu watatu ambao hawakuugua hata homa?

Basi nisikilize.

Nilifika Kibiti miaka ile milango ilipofunguliwa, ikawa ruksa kila mtu kununua na kuuza anachokitaka. Kiwanda cha mbao nilichokuwa nikifanyia kazi kilibinafsishwa, tukaitwa uwanjani, tukasomewa majina ya wanaopunguzwa, na langu likawemo. Mke wangu, Tumaini, alikuwa muuguzi, naye alikuwa amepangiwa kazi Kibiti. Nikamfuata na binti yetu Neema, wakati huo ana miaka minne. Kwa kiinua mgongo changu nikanunua meza ya puli iliyochakaa. Unaijua puli? Ule mchezo wa kugonga mipira kwa fimbo ndefu mpaka itumbukie mashimoni. Nikaijengea kibanda kando ya barabara, pale mabasi ya kusini yanaposimama, na vijana wakawa wanalipia kila mchezo. Hatukutajirika, ila tulikula.

Siku moja mzee mmoja wa Ruaruke alipita kibandani amejishikiza kwa mkongojo mweusi tii. Mimi ni mtu wa mbao. Nikautazama mara moja nikajua ni mpingo, tena umekerezwa na mkono wa mtu aliyejua anachofanya. Una pete tatu nyembamba za mfupa, na chini yake alama ya samaki mdogo. Haukuwa mkongojo. Ulikuwa kipande cha chini cha fimbo ya puli, na kipande cha juu mzee alikuwa nacho nyumbani, kimeshikilia chandarua. Nikampa mkongojo mpya na kilo mbili za sukari, akaenda zake anacheka, akidhani amenipunja.

Nikaipiga msasa ile fimbo, nikaipaka vanishi ikang'aa, nikaipeleka Dar es Salaam kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa akiuza samani za kale. Jina lake Hasham. Alipoifunua, nusura alie.

"Umeiua," alisema. "Ungeniletea na uchafu wake, ningekupa mara tano."

Ndipo aliponieleza. Zamani, wakati wa Mwingereza, Mohoro kulikuwa na fundi wa kukereza aliyeitwa Mbwana. Mabwana wa mashamba ya mkonge walikuwa na meza zao klabuni, na kila aliyetaka fimbo nzuri alimfuata Mohoro. Fundi Mbwana alimpima mtu kama anavyopimwa nguo: urefu wa mkono, upana wa kifua, hata namna anavyosimama. Fimbo moja, mtu mmoja. Mwingine akiishika, haimkubali mkononi. Sasa, Hasham akasema, kuna matajiri Ulaya na Marekani wanazitafuta. Hawachezei. Wanazitundika ukutani.

"Mwaka huu ni bei ya baiskeli," aliniambia. "Mwakani pikipiki. Wewe tafuta tu."

Nikatafuta. Kwa miaka mitatu nilizunguka Kibiti, Utete, mpaka vijiji vya delta ambako unaenda kwa mtumbwi. Nikapata tano. Moja ilikuwa komeo la banda la kuku. Moja mama mmoja alikuwa anaanikia samaki. Sikupaka tena vanishi. Nilizifunga na vumbi lake. Na kweli bei ilipanda kama Hasham alivyosema. Nikaezeka nyumba kwa bati. Tumaini akawa anasema, "Baba Neema, yatosha sasa, rudi kwenye meza yako." Mimi nikawa nacheka.

Kisha Hasham akaniambia kuna ya mwisho. Fundi Mbwana alikufa nayo ndani, na anayo binti yake. Ile, akasema, mimi mwenyewe nitaje bei.

Binti wa fundi alikuwa bibi kizee, Bibi Mwanaheri, akiishi peke yake Mohoro nyuma ya maduka ya zamani. Nilipiga hodi, nikamwamkia, akaniitikia marahaba, akanipa kigoda. Nilipotaja fimbo, akatikisa kichwa.

"Ina mwenyewe ile, baba."

"Mwenyewe yuko wapi, bibi?"

"Hajaja. Alilipa kabla baba yangu hajaimaliza, kisha hakurudi kuichukua. Baba akaniusia nisimpe mtu yeyote, ila atakayekuja aseme ametumwa na mwenyewe."

Nilirudi mara ya pili na khanga na mchele. Akapokea kwa shukrani, fimbo akanikatalia. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijilaumu. Mtu mzima, nimeambiwa neno la kusema, nami nimeondoka sijalisema!

Mara ya tatu sikubeba zawadi. Nilikaa kigodani nikasema, "Bibi, nimetumwa na mwenyewe."

Akanitazama machoni. Nje kulikuwa na mtu anatwanga mpunga, nakumbuka, na mimi nilikuwa nahesabu mapigo ya mchi ili nisiangalie pembeni.

"Sema tena," akasema.

"Nimetumwa na mwenyewe."

"Na mara ya tatu."

Nikasema. Akaingia ndani, akatoka na kitu kirefu kimefungwa kwa kaniki. Akaniwekea mapajani. Hakudai hata senti. Kisha akachota maji kwa kata, akanawa mikono yote miwili mpaka viwiko, mbele yangu, kama mtu aliyetoka kuosha maiti.

"Haya, nenda," akasema. "Na mimi nipumzike."

Kwa nini sikuelewa pale pale? Najiuliza mpaka leo. Ukweli ni kwamba nilikuwa tayari nafikiria gari.

Nilifika Ndundu nikakuta mto umefurika. Wakati huo daraja halijajengwa, watu na magari wote wanavushwa kwa kivuko, na kivuko kilikuwa kimesimama kwa sababu ya mkondo. Hata mitumbwi ilikuwa imevutwa juu na kufungwa. Mabasi na malori yamepanga foleni, abiria wamelala chini ya magari. Nilikaa pale siku mbili. Bwana mmoja, Shabani, alikuwa na meza ya puli chini ya paa la makuti, na waliokwama walikuwa wakiua muda pale. Siku ya pili uvivu ukanishinda nikaifungua ile kaniki.

Sijapata kuona fimbo kama ile. Mpingo wote, haina pembe wala pete, imenyooka kama uzi uliovutwa. Nikaunga vipande viwili, nikakuta ni ndefu kupita zote kwa vidole vinne au vitano. Uzito wake ulikuwa nyuma mno. Nilijaribu kugonga, mpira ukaenda kombo. Shabani akajaribu, ikamteleza. Dereva wa lori akajaribu, wote wakacheka.

"Hii ilitengenezewa nani?" Shabani akauliza. "Twiga?"

Watu wakisimulia mambo haya husema ilikuwa usiku wa manane. La kwangu lilitokea saa nane mchana, jua linawaka. Mtu alipanda kutoka ngazi ya kivuko, upande wa maji. Amevaa suruali ya kaki na shati jeupe lililopigwa pasi, kama karani wa zamani. Viatu vyake vilikuwa vikavu. Akaja taratibu, akatusalimu wote, tukamwitikia. Shabani alisogea akampa nafasi kwenye benchi. Mama aliyekuwa akiuza chai akampa kikombe, akakishika, hakukinywa.

Naomba uelewe hapa. Wote walimwona. Kama wangeniambia baadaye kwamba nilikuwa nikizungumza peke yangu, ningeenda hospitali Muhimbili, ningemeza dawa, ningepona. Lakini walimwona, wakampa benchi na chai.

Ndipo nikamtazama mikono. Alikuwa ameiweka mapajani, na ilikuwa mirefu. Si mirefu ya mtu mrefu. Aliposimama, ncha za vidole zilifika magotini.

Akaniambia, "Nasikia una fimbo yangu. Nasikia umesema nimekutuma."

Na hakusema kwa Kiswahili. Alisema kwa Kibena, Kibena cha kijijini kwetu hasa, cha wazee, na akaniita kwa jina la utani alilonipa bibi yangu mzaa mama, ambalo hata Tumaini halijui. Niambie, nani Ndundu angelijua jina lile?

Akaendelea kwa upole, "Mimi sikukutuma. Lakini umelisema mara tatu. Sasa tucheze. Ukishinda, umesema uongo tu, nami nitakusamehe. Nikishinda, ulisema kweli."

"Chukua fimbo yako, mzee," nikamwambia. "Ichukue uende."

"Fimbo si neno," akasema. "Neno ni ulilolisema."

Shabani akapanga mipira. Kwake ulikuwa mchezo kama mwingine. Nikachukua fimbo ya kibanda, yule bwana akachukua ile ndefu. Wallahi, kama wanavyosema wenyeji wa huku, ilimkaa kama mkono wa tatu. Alipoinama, kidevu chake kiligusa mpingo, na sikuona shati lake likipanda wala kushuka kwa pumzi.

Hakunifanyia mazingaombwe. Alicheza vizuri, nami nilicheza vizuri kuliko siku zote za maisha yangu, maana hofu inanoa macho. Tukafika mwisho ukabaki mpira mweusi peke yake, na zamu ni yangu. Ulikuwa mdomoni mwa shimo. Mtoto angeutumbukiza. Watu wakaanza kupiga makofi kabla sijagonga. Nikavuta mkono nyuma, na wakati huo nikawaza bei. Nakuambia ukweli ambao sijawahi kumwambia mtu: badala ya kuwaza roho yangu, niliwaza kwamba nikishinda labda ataniachia na fimbo, nami niiuze. Nikagonga. Mweusi ukaingia, na mweupe, ule wa kugongea, ukaufuata shimoni. Kwenye puli, ukifanya hivyo umeshindwa.

Yule bwana hakushangilia. Alitenganisha fimbo, akaifunga kwenye kaniki kwa uangalifu, akanirudishia.

"Ulitaka kuuza. Kauze," akasema. "Na unapoingia kwa watu, useme nani amekutuma."

Akashuka ngazi kuelekea majini. Shabani akamwita, "Mzee, kivuko hakipo!" Akapunga ule mkono wake bila kugeuka. Lori likapiga honi nyuma yetu tukageuka, na tuliporudisha macho ngazini hapakuwa na mtu. Wengine wakasema amezama, wakakimbia kuangalia. Mimi sikukimbia.

Kesho yake maji yalipungua, tukavushwa. Ungetegemea nitupe fimbo mtoni, sivyo? Niliishika ukingoni mwa kivuko nikiwaza hivyo. Tulifika ng'ambo bado ninayo.

Hasham alinipokea dukani kwa mikono miwili. Akaitazama chini ya taa, akaipapasa, akauliza, "Umeipataje?" Nilitaka kusema nimeinunua. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Kinywa changu kikafunguka kikasema, "Mwenyewe amenituma." Hasham akacheka, akadhani natania. Akanilipa alivyoahidi. Siku ya saba wakamkuta amekaa kwenye kiti chake dukani, miwani machoni, amekufa. Fimbo ilikwenda Ulaya na wanawe, na nasikia huko imeuzwa na kuuzwa tena, kila mara ghali zaidi. Mimi nilinunua gari aina ya pikapu. Likaozea uani, sikulitumia.

Baada ya msiba nilikwenda Mohoro kumwomba Bibi Mwanaheri anifungue. Nilipiga hodi, akasema karibu, na kabla sijamwamkia kinywa kikasema kile kile. Nilijiziba kwa viganja, nikachelewa.

Hakushtuka. "Nimekusubiri, mjukuu wangu," akasema. "Kaa."

Nikapiga magoti. Nikamweleza yote.

"Najua," akasema. "Baba alimpima yule. Alikubali kumtengenezea fimbo, akakataa kutumwa naye. Ndiyo maana hakuichukua. Hakutaka fimbo, alitaka mtu. Baba akafa amekataa, na mimi nikakataa miaka arobaini. Kila mwaka anakuja pale mlangoni ananiuliza kama nitakubali kutumwa, na mimi nimezeeka, mjukuu wangu, nimechoka kukataa."

"Ulijua nasema uongo?"

"Si nilikufundisha cha kusema? Hukuona?" Machozi yalikuwa yakimtoka. "Nisamehe. Nilitaka kufa kama watu wengine wanavyokufa."

Nilimuuliza dawa yake. Akasema kama ingekuwepo, baba yake angeitumia. Tulimzika siku ya nane.

Niliporudi Kibiti nilimwambia Tumaini kila kitu. Tulikwenda kwa mchungaji, tukafunga, tukaombewa. Tumaini akaniletea na shehe aliyekuwa akimheshimu kule kazini, naye akanisomea. Miezi ikapita, nikaanza kusema labda yameisha. Nikarudi kwenye meza yangu. Wateja wakarudi.

Ilikuwa Jumamosi, asubuhi. Nimetoka sokoni na samaki. Tumaini amekaa barazani kwenye mkeka, anamsuka Neema. Nilitaka kumwambia samaki wamepanda bei. Nikasema, "Mwenyewe amenituma."

Mkono wake ukasimama nyweleni. Akaniangalia, akamwangalia mtoto, akaniuliza taratibu ili Neema asishtuke, "Kwa nani kati yetu, Baba Neema?"

Macho yangu yalikuwa kwake, naye aliona. Akashusha pumzi ndefu. Akasema, "Asante, Yesu." Halafu akaendelea kusuka, mstari kwa mstari, mpaka akamaliza.

Siku zile saba alifua nguo zote za nyumbani. Alikwenda kazini kama kawaida, akakabidhi zamu. Alimshonea Neema sare za shule mbili, moja ya sasa na moja kubwa ya baadaye. Mimi nilikaa nje ya nyumba, kwa sababu niliogopa kufungua kinywa. Siku ya saba alilala mchana, akasema amechoka kidogo.

Nilimpeleka Neema Njombe kwa bibi yake mzaa mama. Safari ya siku mbili, na sikutamka neno hata moja. Alipouliza, "Baba, mbona huniongeleshi?" nilimpapasa kichwa. Nikamkabidhi pale getini, nikaondoka bila kuaga.

Tangu hapo naishi peke yangu kwenye shamba la mihogo ndani ndani ya Ruaruke. Sokoni naonyesha kwa kidole. Watu wananiita Bubu, nami nimelikubali jina. Neema amekuwa mtu mzima. Majuzi alikuja na mtoto mgongoni, sijui nani alimwelekeza. Akasimama nje ya mlango akapiga hodi. "Baba, ni mimi. Nimekuletea mjukuu wako." Mimi nilikuwa ndani, nimekaa sakafuni, nimejisokomezea kitambaa kinywani mpaka kooni. Alikaa kizingitini mpaka jua lilipopinduka. Nilisikia mtoto akilia, nikasikia akinyonyeshwa. Kisha wakaondoka. Alikuwa ameacha chungwa moja na picha ya mtoto. Picha nimeifunika, siwezi hata kuitazama kwa muda, naogopa.

Sasa nawe nikuonye. Ukiona kitu cha kale nyumbani kwa mtu, na mwenye nyumba anasema kina mwenyewe, mwache nacho, hata kama huko duniani watu wanakigombania kwa bei ya ajabu. Na usiseme umetumwa na mtu ambaye hakukutuma. Usiseme kwa mzaha, usiseme kwa biashara. Huwezi kujua nani anasikia, na ana haja gani ya mtu wa kumtuma.

Ndiyo maana haya nimeyaandika. Wapo walioyasoma kwanza, wakanisihi niende nikawasimulie watu ana kwa ana, redioni, kanisani, kwenye mikutano. Nimekataa. Na kama siku moja utasikia hodi, ukachungulia, ukaona mzee mwembamba asiye na mzigo amesimama uani kwako anakutazama, usinikaribishe.